Mbuzi Wawili Juu ya Plafon

Hakuna mtu Bunia aliyezijua kanuni za ligi kama Denise. Alikuwa sekretere wa BC Radi, timu ya mpira wa kikapu ya Mudzipela, na kazi yake ilikuwa kuunda kikosi: nani aje, nani abaki, nani aende, na kwa mshahara gani. Alipoanza, wanaume waliozoea kukaa kwenye ngazi za uwanja walicheka. Mwanamke abadilishane wanaume? Mwaka wa kwanza Radi ilikuwa ya mwisho. Mwaka wa tatu ilicheza fainali, na kicheko kikaisha chenyewe.

Fainali waliipoteza, na sababu ilionekana na kila mwenye macho. Radi haikuwa na mtu wa katikati. Mpira ukigonga ubao na kurudi, wapinzani waliuchuma juu ya vichwa vya vijana wake kama wanachuma parachichi. Denise alivumilia kutazama hilo dakika arobaini nzima. Alipofika nyumbani aliandika jina moja ukutani kwa chaki: Paluku.

Paluku alikuwa na urefu wa mita mbili na sentimita sita. Wazazi wake walikuwa wafanyabiashara waliohamia kutoka Butembo, na yeye alichezea Njiapanda ya Komanda, timu ya Papa Athanase, mtu mwenye malori mawili na sauti ya malori matatu.

Kumchukua hivi hivi haikuwezekana. Ligi ilikuwa na ukomo wa mishahara, ambao wote waliuita plafon: timu isiwalipe wachezaji wake wote pamoja zaidi ya dola elfu kumi na mbili kwa msimu. Wengine waliinung'unikia sheria hiyo. Denise aliipenda. Bila plafon, wenye dhahabu wangekusanya kila mtu mrefu wa mkoa, na Radi, timu ya familia zilizokimbia vita vya Djugu, isiyo na tajiri hata mmoja, ingebaki pembeni kupiga makofi. Chini ya plafon, kichwa kilipigana na mfuko, na kichwa chake Denise hakukiogopea.

Kwa hiyo alipendekeza kubadilishana. Athanase alikubali kumtoa Paluku, lakini alitaka mtu mmoja tu, na hakutaka kusikia jina jingine. Alimtaka Fabien, kapteni wa Radi, aliyekuwa akitupia kikapuni kutoka mbali huku mikono ya watu wawili iko usoni pake. Fabien alikuwa mdogo wake Denise, tumbo moja.

Denise mwenyewe alimwambia, baada ya mazoezi.

"Yaya, unaniuzisha?" Fabien alimuuliza dada yake, taulo bado shingoni.

"Haiko kuuzisha. Ninakubadilisha na mutu ya mita mbili na sentimita sita. Weye uko na moja na makumi munane. Angalia vile bei yako iko juu."

Fabien alitaka kukasirika, akashindwa, akacheka. "Na ukapteni?"

"Athanase anakupatia. Na mushahara ni ile ile, dola elfu moja mia ine."

"Basi niende nikawafundishe watu ya Komanda kutupa mpira."

Fabien alikubali. Mama yao, Rebecca, hakukubali.

"Tulitoka Djugu kwa miguu," alisema, akiwa amesimama katikati ya ua, mikono kiunoni. "Huyu nilimubeba ku mugongo, weye Denise ukashika kitenge yangu nyuma. Leo atoke ku nyumba yangu na karatasi tu, kama gunia ya maharagi? Hao watu wakuje. Wakae. Waseme. Nijue wanamuchukua nani."

Denise alimwelewa. Zaidi ya kumwelewa, alijivuna naye. Alimpigia Athanase simu: "Papa Athanase, mbele ya kuweka sinyatire ku barua, kuja kwanza umusalimie mama vile inafaa." Hayo tu. Hakuna aliyehitaji kumweleza mfanyabiashara wa Komanda maana ya vile inafaa.

Jumamosi, siku ya mwisho ya uhamisho, dirisha la usajili likiwa linafungwa saa sita mchana, lori la Athanase lilipiga honi mbele ya ua saa mbili asubuhi. Hakuja peke yake, maana ujumbe wa heshima hauji na mtu mmoja. Paluku alikuwamo, akiinama kupita mlangoni, na wachezaji wengine watatu wa Njiapanda. Nyuma yao walishushwa mbuzi wawili, weusi, wanene, wakilia kama wanaodai haki yao.

Athanase alivua kofia. "Mama, huyu mutoto tulimuona akicheza, tukasema: aliyemuzaa huyu iko mutu. Hatukuje kumuchukua mikono mitupu."

Mama Rebecca aliwatazama mbuzi, akamtazama Athanase, halafu akapiga vigelegele mpaka majirani wakaja kwenye ua. Fabien alisimama kando ya mama yake, kifua mbele, kama mtu aliyeongezewa sentimita kumi. Denise alilazimika kugeuka afute macho.

Saa nne na nusu walikuwa ofisini kwa ligi. Josaphat, komisere aliyeandikisha uhamisho wote, alikagua karatasi moja moja kwa ncha ya kalamu. Barua ya kutoka ya Fabien, ipo. Barua ya kutoka ya Paluku, ipo. Radi ilikuwa na dola elfu kumi na moja mia tano. Paluku alilipwa mia moja zaidi ya Fabien, basi sasa ni kumi na moja mia sita. Njiapanda ilitoka kumi na moja mia tisa na hamsini, ikashuka mpaka kumi na moja mia nane na hamsini. Wote chini ya plafon. Akachukua muhuri, akaupulizia pumzi.

"Na kwa mama tulimaliza muzuri!" Athanase alisema kwa furaha, akipiga meza. "Mbuzi mbili! Mikubwa! Feza ilitoka ku kaisi ya timu, na resi iko hapa!"

Muhuri ulirudi mezani taratibu.

"Mbuzi gani?" Josaphat aliuliza.

Kabla hajafungua kitabu cha kanuni, Denise alishajua ukurasa. Kipengele cha kumi na nne: chochote ambacho timu inampa mchezaji au familia yake kwa sababu ya kusajiliwa kinahesabiwa kuwa mshahara. Alikuwa amekisoma kwa sauti mara ngapi mbele ya watu wengine! Lakini ile siku ya simu hakuwaza kanuni. Aliwaza mama. Vitu viwili hivyo havikuwahi kukutana kichwani mwake, kwa sababu alivyolelewa, mbuzi wa namna ile si malipo. Ni salamu.

"Resi inasema dola mia kila mumoja," Josaphat alisoma kwenye stakabadhi. "Mia mbili. Njiapanda iko na elfu kumi na mbili na makumi tano. Mumepita. Sitapiga muhuri."

"Dola makumi tano!" Athanase aliruka. "Komisere, andika ni bibi yangu alileta. Bibi yangu anapendaka watu."

"Hapana," Denise alisema.

"Sekretere, ninakuokoa weye pia!"

"Papa, komisere amesikia, na miye nimesikia. Tukichukua kombe, watu wa Mudzipela wataibeba mu njia kubwa ya bulvari vichwa juu. Sitaki mutu aseme chini yake kuna uongo ya mbuzi."

"Basi tuwarudishe. Ninatuma lori sasa hivi."

Fabien alikuwa ameegemea ukuta. Alijitenga nao. "Ukifungua kamba ya mbuzi ya mama mbele ya wale majirani wote, Papa Athanase, siendi Komanda. Watasema mulifika, mukaniangalia muzuri, mukaona sifai."

Athanase naye alikuwa na binti wawili walioolewa. Alijua.

"Saa tano na dakika tano," alisema Josaphat, ambaye hakuwa mtu mbaya, ila saa yake ilikuwa ukutani mbele ya kila mtu.

Denise aliomba kiti, akakaa. Alijua hali hii. Ndiyo kazi yake. Timu imejaa, hakuna pesa ya kuongeza, na bado kuna mlango mahali fulani. Aliomba orodha ya mishahara ya Njiapanda, akaweka kidole juu ya jina la kwanza, akashuka. Komanda walitakiwa kupunguza dola hamsini. Wangeweza kumfukuza mtu, lakini kanuni ilisema mshahara wa aliyefukuzwa unabaki juu ya timu yake mpaka msimu uishe. Njia ya kuutoa ilikuwa moja: timu nyingine imchukue huyo mtu pamoja na mshahara wake. Na Radi ilikuwa na nafasi ya mia nne.

Kidole kilisimama. Prince, dola mia tatu na hamsini.

Alikuwa amemwona huyo kijana mara moja tu, kwenye mchezo wa kirafiki Irumu, kwenye uwanja wa udongo. Alicheza dakika nne, mfupi, mwepesi, na katika dakika nne hizo Paluku alipata mpira mikononi kutoka kwake mara sita, mara zote akiwa chini ya kikapu, mara zote bila Prince kuangalia upande wake. Kisha kocha akamtoa. Denise alifikiria jambo ambalo kwa wiki tatu za kumtaka mtu mrefu hakulifikiria: Fabien akiondoka, nani atampelekea huyo mrefu mpira?

"Papa Athanase," alisema, "nipatie Prince."

"Prince? Ule mufupi? Asubui ulikuwa unatafuta mulingoti, sasa unatafuta kisiki?"

"Nipatie. Mushahara yake inatoka kwenu, inakuja kwetu. Munashuka mupaka kumi na moja mia saba. Mbuzi ya mama inabaki mahali iko. Siye tunafika kumi na moja mia tisa na makumi tano. Komisere, iko muzuri?"

Josaphat alihesabu kwa kalamu, akahesabu tena. "Iko muzuri."

Prince alikuwa nje, karibu na lori, mmoja wa wale watatu waliokuja kwa heshima ya mama. Aliitwa. Aliingia akiwa na kiatu kimoja kimefunguka kamba.

"Unataka kuchezea Radi?" Denise alimuuliza.

"Nitacheza dakika ngapi?"

"Makumi mbili na tano."

Prince alimwangalia Paluku, aliyekuwa anatabasamu karibu na dari. "Kalamu iko wapi?"

Athanase aliitazama barua ya kutoka ya Prince kwa muda mrefu, kalamu hewani. Akamtazama kijana, akamtazama Paluku, halafu Denise, na kitu kikaanza kumpambazukia. "Sekretere. Huyu mufupi ndiye anampatiaka Paluku mipira, ama?"

"Kocha wenu ndiye anajua. Ni yeye alikuwa anamukalisha."

"Nilikuja na mbuzi mbili," Athanase alisema polepole, "sasa ninarudi bila mbuzi, na watu wawili ninaacha!" Kisha akacheka kicheko kilichotikisa dirisha, akasaini. "Miye ninafanya biashara miaka makumi tatu. Siku moja ukichoka na basiketi, kuja unisimamie malori."

"Malori haina plafon, Papa. Nitachoka upesi."

Muhuri ulianguka mara tatu, saa sita kasoro dakika nane. Denise alihisi kila pigo kifuani. Hakuwa amepewa kitu na mtu. Hakuwa amedanganya. Mama yake alikuwa na mbuzi wake uani, na Radi ilikuwa na katikati.

Nje, Fabien alitupa mfuko wake ndani ya lori, akapanda mbele kando ya dereva, mahali pa kapteni. Denise alisimama chini ya mlango, vumbi jekundu miguuni.

"Yaya," Fabien alisema, akitoa kichwa dirishani, "siku tutacheza na nyinyi, nitawafunga makumi tatu."

"Utupie mbali kabisa," Denise alimjibu, kwa sauti ya kusikika mpaka ofisini. "Ukikaribia, kule katikati iko mutu."