Redio ya Karani

Mimi sikuwahi kutaka mbwa. Hilo niliseme mapema, maana watu wakiniona asubuhi nimeshika kamba, mbwa mbele mimi nyuma, wanadhani ni mapenzi ya tangu utotoni. Wapi! Mbwa huyu nimemrithi. Ndugu zangu waligawana vitu vya marehemu baba vyenye maana: kitanda, kabati, baiskeli. Mimi, kwa kuwa naishi peke yangu na sina mume wa kununa, nikapewa Karani na redio.

Baba alikuwa fundi saa. Miaka yote alikaa kwenye kibanda chake chembamba, kioo cha kukuzia jichoni, redio kwenye rafu, mbwa chini ya meza. Jina la Karani alimpa yeye, kwa sababu mbwa huyu ana uso wa mtu wa ofisini. Anakutazama kwanza, anafikiri, halafu anaamua kama atakuhudumia leo au urudi kesho.

Kazi yangu mimi ni kwenye kiwanda cha kufua mashuka ya mahoteli na hospitali. Niko upande wa pasi, kwenye ile mashine ndefu yenye rola za moto. Shuka linaingizwa na watu wawili, mmoja pembe hii mmoja pembe ile, linatoka ng'ambo limenyooka, nasi tunalikunja. Mwenzangu wa pembe ya pili ni Mama Pacha. Mmoja akizubaa, shuka linakwenda mshazari, linajiviringisha, linaungua, na bosi anakuja kusimama nyuma yenu bila kusema neno, jambo ambalo ni baya kuliko kusema. Kwa hiyo natoka nyumbani asubuhi, narudi jioni na miguu iliyovimba. Sasa niambie, mtu wa namna hiyo anafuga mbwa saa ngapi?

Lakini nilijitahidi, haki ya Mungu. Kabla ya kazi namzungusha mtaa, jioni namzungusha tena, mvua isimame au inyeshe. Chakula, maji, tandiko safi karibu na dirisha. Kamba yake ya ngozi naitundika kwenye msumari wa chini mlangoni, maana huishusha mwenyewe. Huishusha, lakini hanipi! Anaing'ata tu na kunitazama. Nikivuta, naye anavuta, mpaka nimvizie. Kila siku. Mimi ninayempikia.

Wahenga walisema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Mimi nilimpa redio. Niliiweka mezani, nikaiacha kwenye stesheni ile ile ya baba, nikamwambia, "Karani, hiyo ndiyo sauti uliyoizoea, kaa nayo." Nikaenda kazini moyo mweupe, na kila asubuhi nikawa nafanya vivyo hivyo. Siku zangu za mapumziko siifungulii. Masikio yangu yameshashiba mashine.

Basi, chini ya chumba changu anakaa mlinzi wa usiku. Mtaa mzima unamwita Popo, naye anaitika. Mimi nikishuka ngazi kwenda kazini, yeye ndiyo anarudi, tochi mkononi, tunapeana salamu, kila mtu na hamsini zake. Asubuhi moja akanisimamisha. Macho mekundu, utadhani ametoka kumenya gunia la vitunguu.

"Jirani, mbwa wako analia."

"Mbwa wangu halii."

"Analia. Mchana, kila siku. Kilio cha msibani kabisa."

"Labda unaota."

"Dada yangu," akasema polepole, "ili niote, inabidi kwanza nilale."

Nikamsonya, nikaenda zangu. Nilimwona mchokozi tu. Mbwa mwenyewe nikirudi namkuta ametulia, anatikisa mkia kwa kipimo, kama anayepiga muhuri. Angekuwa analia kutwa si ningemwona hata sauti imemkauka? Popo alinisimamisha tena, na tena, nami nikawa nashuka ngazi mbio ili nisikutane naye. Mtu mzima mimi, namkimbia jirani.

Halafu akaja mama mwenye nyumba. Huyo ukimwona anapanda ngazi ujue si salamu, maana magoti yake hayapandi bure. Akakaa kitandani, akamtazama Karani, Karani akamtazama.

"Mwanangu, mbwa mzuri huyu. Lakini Popo wamemkuta anasinzia getini. Wamemwambia akirudia, avue sare aende. Mtu ana watoto wanaomtegemea. Mwisho wa mwezi mbwa awe ameondoka. Sitaki kukuambia uondoke na wewe, usinifikishe huko."

Nikasema sawa, mama. Ningesema nini? Mimi nalala usiku kucha, halafu nimbishie mtu anayekesha?

Kazini nikamweleza Mama Pacha, huku tunavuta mashuka. Yeye kila tatizo ana ndugu wa kulitatua. "Shemeji yangu ana shamba nje ya mji," akasema. "Anatafuta mbwa. Kule kuna nafasi, kuna watoto, kuna mtu nyumbani mchana kutwa. Jumamosi jioni atapita amchukue."

"Sawa."

"Mbona unasema sawa kama unameza dawa?"

Iliniuma. Mbwa ambaye sikumtaka, asiyenipa hata kamba yake, iliniuma kumtoa. Baba ameondoka, saa zake zimekwenda kwa wenyewe, kibanda sasa wanauza chaja za simu. Kilichobaki cha baba chenye pumzi ni Karani peke yake.

Alhamisi jioni nikamkuta Popo ameketi kwenye ngazi zangu. Nikajiandaa kwa vita.

"Sijaja kugombana," akasema. "Mbwa wako hana neno. Ni redio."

"Redio imefanya nini?"

"Leo nilipanda kuja kukupigia mlango teke. Nimekuta kimya. Redio inaongea, mbwa hata hakohoi. Nikakaa hapa hapa ngazini, nikasema leo nitamkamata anapoanza. Dada, hajaanza mpaka ilipolia ile milio ya saa, ile kabla ya taarifa ya habari ya mchana. Ilipolia tu, nikamsikia anakuja mlangoni. Akangoja. Akangoja weee. Halafu ndiyo akaanza kulia."

"Redio hiyo ni ya marehemu baba yangu."

"Sijamgusa marehemu. Nimesema redio."

Nikapita, nikafunga mlango kwa kishindo. Lakini la kuambiwa, changanya na lako. Ijumaa nikamwomba bosi ruhusa, nikasema tumbo linaniuma. Nikafungulia redio kama kawaida, nikakaa kitandani kimya na kikombe cha chai kilichopoa.

Asubuhi yote Karani alilala kwenye tandiko lake. Muziki ukapita, matangazo ya sabuni yakapita, mtaalamu wa kuku akaeleza magonjwa ya kuku mpaka mimi mwenyewe nikasinzia. Kisha ikalia: pi, pi, pi, piii.

Karani aliinuka. Hakukurupuka, aliinuka kama mtu aliyemaliza kazi. Akajinyoosha miguu ya mbele, kisha ya nyuma. Akaenda mlangoni, akashusha kamba kwenye msumari, akaketi nayo mdomoni, kifua mbele, uso kwenye kitasa.

Hapo ndipo nilipokumbuka, nikaweka kikombe chini. Baba kila mchana alikuwa anapatanisha saa zake na milio ile. Ikishalia, anavua kile kioo jichoni, anateremsha dirisha la kibanda, anainama chini ya meza na kunyoosha mkono. "Haya, Karani," anasema, "ofisi imefungwa." Mbwa anampa kamba. Wanakwenda nyumbani kula. Nilipokuwa mdogo, kabla ya Karani, mkono uliokuwa ukishikwa njiani ulikuwa wangu. Nilikuwa najua hayo yote, na bado redio nilikuwa naifungulia mimi, kwa mkono wangu, kila siku ya kazi. Nilidhani namwachia faraja. Kumbe nilikuwa namwachia mtu wa kumwambia baba anakuja.

Habari zikasomwa. Karani akangoja. Nikamwita, akageuza sikio moja tu. Nikaenda nikanyoosha mkono nichukue kamba, akageuza kichwa upande, kwa adabu, kama anayekwambia dirisha lako si hili. Kisha akaiweka chini, akainua shingo, akalia. Popo alikuwa hajatia chumvi hata punje.

Nikazima redio. Akanyamaza, akarudi kwenye tandiko, akakipa chakula mgongo. Wanasema kimya kingi kina mshindo mkuu; kile cha siku ile kilinishinda kukaa nacho. Mimi sikulia. Hata kwenye msiba sikulia. Dada zangu walilia mpaka wakashikiliwa, mimi nilikuwa chumba cha nyuma nakunja mashuka ya wageni. Mikono yangu ikishapata kazi, macho yanasahau yao.

Jioni Popo akapanda, ameshavaa sare.

"Leo kimya. Ulizima?"

"Nilizima. Na kesho jioni anachukuliwa, utalala."

"Anachukuliwa wa nini tena, na kimya kimepatikana?"

"Kwa sababu hajala!" Nikajikuta nafoka, kana kwamba kosa ni lake. "Redio ikiwa wazi analia, nikizima hali. Huko shambani kuna watu kutwa. Mimi nitakaa naye saa ngapi, na mashuka ya mji mzima yananingoja?" Nikamweleza yote, kibanda, milio ile, kamba.

Popo akakuna kidevu. "Na mimi leo sikulala."

"Na kimya chote kile?"

"Nilikuwa nangoja aanze."

Nilitaka kucheka, nikashindwa. Yeye akamtazama Karani. "Usimtoe kwanza. Kesho fungulia redio, uniachie ufunguo. Itakapolia, mimi nitakuwa mlangoni."

"Si ndicho unacholalamikia, kuamshwa?"

"Kuamshwa na kuamka ni vitu viwili, dada. Nitalala nikirudi kazini, nitaamka nimtoe, nitalala tena. Mimi ni mlinzi. Kuamka saa watu wasiyoamka ndiyo kazi yangu."

Ufunguo wa chumba changu sijawahi kumpa mtu. Asubuhi nikampa Popo hapo kwenye ngazi, yeye anarudi mimi natoka. Nikamwambia, "Ukiniharibia, nitakufufua huko utakakokuwa umelala." Akaniambia, "Nenda kazini."

Jumamosi ile, sijui niliingizaje shuka hata moja. Macho yalikuwa kwenye saa ya ukutani. Mchana ulipofika, mikono yangu ikasimama yenyewe, shuka la hoteli likaenda mshazari, Mama Pacha akalivuta kabla halijaungua.

"Mwenzangu, uko wapi wewe leo?"

"Mlangoni kwangu."

"Basi rudi, bosi anakuja. Na shemeji nimwambieje?"

"Mwambie asianze safari mpaka aniulize."

Nilifika nyumbani jua limepoa. Popo alikuwa ameketi kwenye ngazi na sare yake, na Karani ameketi ngazi ya chini yake, wote wawili wanatazama barabara kama walinzi wa zamu moja. Bakuli la Karani lilikuwa hapo, tupu, limelambwa mpaka linang'aa.

"Amelia?" nikauliza.

"Hakulia."

"Niambie basi! Mpaka nikuvute maneno na koleo?"

Popo akasugua magoti. "Nilisimama nje ya mlango. Milio ikalia, nikamsikia anashusha kamba. Nikafungua. Alikuwa ameketi, kamba mdomoni. Akanitazama mimi, halafu akachungulia nyuma yangu, kwenye ngazi, kama kuna mwingine anapanda. Nikamwacha achungulie. Alichungulia sana, dada. Kisha nikanyoosha mkono, nikamwambia yale maneno uliyoniambia, kwamba ofisi imefungwa."

"Halafu?"

"Halafu akanipa kamba."

Simu yangu ikatetema. Shemeji wa Mama Pacha anauliza aanze safari? Nikamjibu asije, mbwa ana watu. Karani akaja akaegemeza ubavu wake kwenye miguu yangu iliyovimba, jambo ambalo hajawahi kulifanya, na mikono yangu haikuwa na shuka wala kikapu wala kitu chochote cha kushika. Nikaketi pale pale kwenye ngazi, nikamlilia baba yangu. Nililia kwa sauti, kwikwi juu ya kwikwi, kilio kilichokuwa kimekaa tangu siku ya msiba. Madirisha ya juu yakafunguka.

Popo hakujua ashike nini, akaishika kamba. Akangoja, alivyozoea kungoja. Kisha akanisogelea na kunong'ona:

"Lia, dada, lia. Ila punguza sauti kidogo, mama mwenye nyumba asije akakutoa na wewe."