Vigae vya Kisura

Mama Pacha aliyaona mapazia kabla hajaona kitu kingine. Mapya, rangi ya krimu, yamejaa marinda, na pindo limepanda upande mmoja. Kwa mtu aliyeishi kwa cherehani miaka kumi na minne, pindo lile lilimfariji. Faraja yenyewe haikufika mbali, kwa sababu aliyeyatundika ndiye aliyefungua mlango.

"Karibuni," akasema Kisura. Ndivyo mtaa ulivyomwita, na kwa bahati mbaya mtaa haukukosea.

Mama Pacha akampita, akaingia. Unakaribishwaje kwenye nyumba uliyoibebea maji ya zege ukiwa na mimba ya mapacha?

Hakimu alikuwa amemtuma mthamini aikague nyumba chumba kwa chumba na kuandika thamani yake, ili mali ya ndoa igawanywe. Baba Pacha, mume aliyekuwa akiachana naye, angebaki na nyumba, amlipe Mama Pacha fungu lake. Hapo hapakuwa na ubishi. Ubishi ulikuwa kwenye matunzo ya kila mwezi. Baba Pacha alikuwa fundi wa friji, na alikuwa ameapa mbele ya hakimu kwamba karakana yake imekufa tangu mwaka uliopita, hana kazi, anaishi kwa hisani ya marafiki. Hakimu akiyaamini hayo, Mama Pacha na wanawe wangeendelea kubanana katika chumba kimoja kwa dada yake, cherehani ikiwa imesongwa kati ya kitanda na mlango.

Dada mwenyewe, mwalimu wa hesabu, alikuwa amemsindikiza ili amzuie mdogo wake asirushe ngumi.

"Mimi napima na kuuliza," mthamini akawaambia wote wanne sebuleni, futi kamba mkononi. "Hiki kiliwekwa lini, na nani. Mkijibu, naandika. Mwisho mnaweka sahihi. Mkitaka kugombana, nje kuna nafasi."

Akaanza na kuta.

"Rangi gani hii?" Mama Pacha akadakia. "Ya bei ya kutupa. Mvua mbili tu, inabanduka. Na huo mlango unalia kama mbuzi."

Mthamini akaandika.

"Na sakafu imetitia," akaendelea, akimtazama Kisura. "Nyumba imeshikwa na watu wasiojua kutunza."

"Kweli kabisa, nyumba imechoka," Baba Pacha akaunga mkono, mpole kama muumini.

Dada akampiga mdogo wake kiwiko cha mbavu. "We una akili timamu?" akamnong'oneza. "Unaponda fungu lako mwenyewe! Thamani ikishuka, unalipwa kidogo. Sifia!"

"Nisifie mapazia ya huyu?"

"Sifia hata kapeti."

Ikabidi ameze. Akasifia madirisha, ambayo aliyalipia yeye, na paa, ambalo pia alilichangia. Kila neno lilipita kooni kama mfupa wa samaki. Chumbani hakuingia. Alisimama kizingitini akaona chupa ya mafuta ya Kisura imesimama upande wa kitanda aliokuwa akilala yeye, kifuniko wazi, kama mtu aliyezoea. Akageuka akatangulia jikoni.



Vigae vyeupe kutoka sakafuni hadi darini. Makabati. Sinki mbili, zote zikimeta. Jiko la gesi lenye oveni. Na friji ya milango miwili, mpya, bado ina karatasi ya nailoni pembeni. Yeye, mke wa fundi wa friji, alifunga friji yake kwa mpira wa baiskeli miaka sita mizima. Kila akikumbusha, jibu lilikuwa moja: "Nitaitazama Jumapili." Jumapili ngapi? Hata sinki ilipovuja, alichopewa ni ndoo ya kuweka chini yake.

"Jiko hili limejengwa lini, na nani?" mthamini akauliza.

Baba Pacha akawahi. "Mwenzangu huyu ndiye aliyejenga. Kwa pesa zake. Mimi nitoe wapi?"

Kisura akaitikia kwa kichwa, shingo upande. Ilionekana wazi walikuwa wamelipanga.

Dada akashusha pumzi. Alijua maana yake: jiko linatoka kwenye hesabu, na kiapo cha ukata kinabaki kimesimama. Lakini Mama Pacha hakuwa akiwaza hesabu. Alikuwa amepata nafuu ya ghafla, kama mtu aliyetolewa mwiba kidoleni.

"Basi afadhali," akasema, na alimaanisha. "Nilidhani amekujengea yeye, roho ikaniruka. Kumbe na wewe umejijengea, kama sisi wengine. Pole, mdogo wangu."

Pole ile ikamwingia Kisura pabaya.

"Pole ya nini? Nani kajijengea?"

"Mpenzi," Baba Pacha akasema.

"Hapana, ngoja! Mimi niambiwe pole na huyu? Sijatoa hata senti, dada yangu, ni zawadi! Vigae kavichagua mwenyewe, duka tatu tumezunguka, kanishika mkono. Friji kalipa siku hiyo hiyo, mkononi! Wewe ulikaa miaka kumi na minne na ndoo chini ya sinki. Mimi? Miezi minne!"

Kumbe alimsimulia na habari ya ndoo. Labda walicheka.

"Nyamaza, we mwanamke!" Baba Pacha akafoka.

Kisura alikuwa ameshavuta droo. Risiti zikatua mezani, zote kwa jina la mume. Mthamini akazigeuza moja moja, bila haraka, akaandika tarehe zake.

"Miezi minne iliyopita," akasema. "Taslimu."

Baba Pacha akamvuta Mama Pacha uani, jasho likimtiririka. "Sikia, mama watoto. Mwambie mthamini kwamba huyu amekosea. Mwambie hukusikia vizuri, ugome kutia sahihi. Ukinisaidia hapo, huyu leo hii anafungasha. Naapa. Urudi kwako, na jiko hili upike wewe."

Akaiona picha yote: Kisura getini na sanduku lake, mtaa mzima umetoka kutazama. Utamu wa picha ile ulimfikia hadi kwenye meno. Akaishikilia kwa muda; kusema kweli, akaishikilia sana.

"Rudia," akasema. "Rudia kwa sauti, mwenzio asikie."

Baba Pacha akatazama dirisha la jikoni. Akazidi kunong'ona: "Taratibu, mama watoto."

"Umeona?"

Akarudi ndani, akachukua kalamu. Mthamini alikuwa ameandika kwamba jiko lilijengwa na mume, kwa fedha zake, kama zawadi kwa mwenzi wake. Mama Pacha akaweka kidole kwenye neno zawadi. "Hili haliwezi kutoka?"

"Ndivyo alivyosema, mama."

Akatia sahihi juu ya hati, kwa nguvu hadi karatasi ya pili ikapata alama.

Nje, dada alikuwa karibu kucheza. "Kiapo chake kimekwisha! Hakimu akiona zile risiti, matunzo unapata. Twende."

"Ngoja kwanza."

"Unangoja nini?"

"Nataka nisikie akimfokea."

Wakasimama nyuma ya geti kama wezi. Kwanza ilisikika sauti ya Kisura, kali, kisha kilio. Halafu ikasikika sauti ya Baba Pacha, na haikuwa ya kufoka. Ilikuwa ya chini, ya kubembeleza, inaomba radhi, inarudia neno moja lile lile. Miaka kumi na minne, Mama Pacha hakuwahi kuisikia. Hakujua kama anayo.

Dada akatazama chini.

"Tulimwambia wakili aombe kiasi gani kwa mwezi?" Mama Pacha akauliza, akijifuta uso kwa upande wa kiganja.

Dada akamtajia.

"Mpigie. Mwambie aongeze."