Ukingo wa Njano

Dorotea Magesa alipanda ngazi za ofisi ile ya Mirongo saa mbili asubuhi, kanga yake bado mbichi kwa maji ya ziwa, na alipofika mlangoni hakupiga hodi. Mboni aliinuka kitini akamwamkia, "Shikamoo, dada." Dorotea hakuitikia. Katika miaka sita ya kufahamiana kwao jambo hilo lilikuwa halijapata kutokea.

"Jana saa tisa mlitutumia nini?" aliuliza.

"Tahadhari. Upepo mkali unakuja, mitumbwi isitoke. Niliituma mwenyewe kwa mkono wangu, kompyuta ikajibu imekwenda kwa watu mia nne na kumi na wawili."

"Ulimtumia nani? Samaki?" Dorotea alitoa simu kifuani akaibwaga mezani. "Haya, tafuta humo unionyeshe. Mitumbwi yangu miwili imepinduka nje ya Igombe. Watu saba wamekesha majini wameng'ang'ania mbao. Mdogo wangu Jonathan mkono umesagika kati ya mtumbwi na boti iliyokwenda kuwaokoa. Daktari amesema hautapona, utakatwa. Tafuta, Mboni!"

Mboni aliisogeza simu karibu na jicho lake la kulia mpaka ikagusa shavu. Ujumbe wa mwisho kutoka ofisini kwao ulikuwa wa juzi. Wa jana haukuwepo. Aliiteremsha orodha ya ujumbe, akaipandisha, akaiteremsha tena.

Ofisi hiyo ilikuwa ya umoja wa wenye mitumbwi. Kazi yake ilikuwa moja: kupokea habari za hali ya hewa na kuwapelekea watu wa ziwani kwenye simu zao, kabla mitumbwi ya dagaa haijatoka jioni. Mboni Bashiru, binti wa fundi saa wa palepale Mirongo, ndiye aliyeketi kwenye kile kiti tangu siku ya kwanza. Alikuwa na miaka arobaini na mitatu. Presha ya macho ilikuwa imelichukua jicho la kushoto lote, na la kulia lilibaki na ukungu pembeni, kama kioo cha gari asubuhi ya mvua.

Kwa sababu ya macho hayo aliitengeneza kompyuta yake kwa namna yake. Kompyuta za wengi hurundika madirisha, hili juu ya lile, nawe unayafukua kwa mausi. Yeye hakuweza kufukua kitu asichokiona. Alichagua programu iitwayo xmonad, ambayo hugawa kioo chote vipande vipande kama vyumba vya nyumba, dirisha moja lisifunike jingine, na kuhama kutoka hili hadi lile ni kubonyeza vidole tu. Mipangilio yake huandikwa kwa Haskell, lugha ya kompyuta yenye ukali wa pekee: ukikosea alama moja, inakataa kuwaka na inakuambia umekosea wapi. Watu walimcheka. Ilimchukua miezi minane kuielewa, herufi amezikuza hadi mistari mitano tu ndiyo ilitosha kwenye kioo, lakini aliielewa.

Katika faili hilo la mipangilio, sehemu aliyoihangaikia kuliko zote ilikuwa ya kingo. Dirisha analoandikia lilizungukwa na ukingo wa njano, mnene kama kidole. Mengine yalibaki na ukingo mwembamba wa kijivu. Penye njano ndipo maneno yake yanapokwenda. Madirisha yake yalikuwa manne, yote meusi yenye maandishi meupe: moja la hali ya hewa, moja la kumbukumbu, moja la kutumia watu ujumbe, na moja la kujaribia, ambalo halimpelekei mtu yeyote kitu. Hayo mawili ya mwisho yalifanana kama mapacha. Ukingo wa njano tu ndio uliomwambia yuko kwenye lipi.

"Dada Dorotea," Mboni alisema, "nipe dakika chache."

"Ndugu yangu anakatwa mkono, wewe unaomba dakika."

Meneja alikuwa amesikia kelele. Bwana Rutashobya alikuwa na miezi mitatu tu ofisini, mtu wa suti na maneno laini. Nyuma yake aliingia Bilali, fundi wa mitambo, akasimama karibu na mlango akitazama viatu vyake.

"Mama, pole sana. Pole sana," Rutashobya alianza. "Nimeshapata taarifa tangu alfajiri. Ni kosa la kibinadamu. Bi Mboni ni mfanyakazi hodari, lakini sote tunajua hali ya macho yake. Jana ametoka kliniki ya macho, amekuja kufanya kazi na dawa machoni. Nadhani tulichelewa kumpumzisha." Akaweka karatasi mbele ya Mboni. "Hii ni barua ya kustaafu kwa sababu za afya. Haina aibu yoyote."

Mboni aliitazama karatasi, asione hata neno moja, akaona tu kwamba imeshaandikwa. Imechapwa na kupigwa muhuri, na saa mbili na robo haijafika.

Ikamrudia siku ya jana. Ni kweli alikuwa kliniki. Walimtia matone yanayopanua mboni za macho, dunia ikawa maziwa matupu. Alirudi ofisini saa nane na nusu, Bilali akamwambia habari ya upepo imeingia, mbaya, haraka. Akaketi. Akautafuta ukingo wa njano, hakuuona. Akafumba, akafumbua, akasogea hadi pua ikakaribia kioo. Giza na maandishi tu. Hakumwambia mtu. Alichojiambia moyoni ni kwamba siku ile aliyoiogopa miaka kumi imefika, hata njano haioni tena. Akatuma kwa mazoea ya vidole: kutoka dirisha la kwanza, hatua mbili, andika, tuma. Kompyuta ikajibu kwa herufi kubwa kwamba ujumbe umekwenda kwa watu mia nne na kumi na wawili. Akashukuru Mungu, akaenda nyumbani akalia.

Lakini leo dawa ilikuwa imekwisha machoni. Uso wa Dorotea aliuona. Kamba ya njano ya kitambulisho cha Rutashobya aliiona pia, toka hatua tatu. Akageuka polepole akatazama kioo cha kompyuta. Madirisha manne meusi, na njano hakuna.

"Kumbe," alisema.

"Bi Mboni, tusaini kwanza," Rutashobya alisema.

"Subiri."

Aliketi akafungua faili la mipangilio. Pembeni yake akafungua nakala aliyokuwa ameihifadhi mwezi uliopita, akaikuza, akaanza kusoma mstari kwa mstari, kidole kwenye kioo, midomo ikitamka. Kwenye mstari wa thelathini na nane kidole kilisimama.

Katika nakala ya zamani palikuwa na neno *smartBorders*. Neno hilo huiambia kompyuta iweke kingo kila panapokuwa na madirisha zaidi ya moja, na izitoe dirisha likibaki peke yake. Katika faili la sasa neno hilo halikuwepo. Mahali pake palikuwa na *noBorders*, yaani kingo zisiwepo kabisa. Lugha ile kali, isiyosamehe alama moja, ililipokea neno hilo bila kunung'unika, kwa maana liliandikwa sawasawa. Haikuwa na njia ya kujua kwamba linampofusha mtu. Ndiyo maana jana alihesabu hatua mbili kutoka dirisha ambalo silo la kwanza, akaishia kwenye la kujaribia.

Akaangalia faili limebadilishwa lini. Jana, saa sita na dakika arobaini mchana.

"Saa sita na dakika arobaini nilikuwa kitandani kliniki, nimetiwa matone," Mboni alisema bila kugeuka. "Nani alikalia kiti changu?"

Bilali alizidi kutazama viatu vyake.

"Bilali. Nakuuliza wewe."

Bilali aliinua kichwa. "Walikuwa wanakuja wageni wa wafadhili, Bi Mboni. Meneja alisema ile mistari ya njano ni mibaya, inafanya ofisi ionekane kama kibanda cha simu. Wapige picha kioo kikiwa safi. Nilitaka kuirudisha wageni wakiondoka. Nikasahau."

"Ukasahau. Na niliporudi nikakaa hapo nikisugua macho, ulikuwa wapi?"

"Nilikuwepo."

"Uliniona?"

"Nilikuona." Sauti yake ilizama. "Nilidhani umegundua."

Hapo hasira ikampanda Mboni kutoka miguuni. Aliinuka kiti kikaanguka nyuma yake. "Nilidhani nimepofuka! Unasikia, Bilali? Nimelala jana nikijua kwamba leo sitamwona mama yangu. Nimelia mpaka nimetapika. Na wewe ulikuwa umesimama hapo hapo uliposimama sasa, ukijua!"

"Bi Mboni, jamani, ni mistari ya mapambo tu," Rutashobya alisema akiinua mikono. "Tusikuze mambo. Mtu mwenye macho mazima asingepata tatizo lolote."

Mboni alikiinua kiti kilichoanguka, akakiweka sawa mbele ya kompyuta. "Kaa."

"Sasa hiyo ni..."

"Nimesema kaa, bwana meneja. Una macho mawili mazima. Mwandikie Dorotea neno moja, pole, liende kwenye simu yake hiyo hapo mezani. Lisiende la kujaribia, liende la kweli."

Rutashobya alimtazama Dorotea, akaona hapana pa kupita, akaketi. Mbele yake vishale vinne vya kuandikia vilikuwa vinapepesa, kila dirisha na chake. Akanyoosha kidole kwenye kibodi, akakirudisha. Akasogeza shingo. Akabonyeza kitufe cha kuhama dirisha alichoonyeshwa na Mboni, na kwenye kioo hakikubadilika kitu ambacho mtu angeweza kukiona. Akabonyeza tena. Jasho likamtoka juu ya mdomo.

"Uko dirisha gani?" Mboni aliuliza.

"La... la chini hili."

"Una hakika? Andika basi."

Aliandika. Herufi nne zikatokea dirisha la juu, upande mwingine kabisa wa kioo, kwenye kumbukumbu. Akatoa mikono kama aliyeungua.

Dorotea alicheka kicheko kifupi kisicho na furaha. "Kwa hiyo ndugu yangu anakatwa mkono ili picha itoke nzuri," alisema. Aliichukua barua ya kustaafu mezani, akaichana katikati, akaichana tena, akaviweka vipande mbele ya Rutashobya. "Hii utaisaini wewe. Mimi nakwenda kwa kamati ya umoja, na nakwenda na wake za wote saba."

Kisha akamgeukia Mboni, na sura haikuwa imelainika. "Na wewe. Hayo madirisha mawili, la kujaribia na la kweli. Kwa nini la uongo linajibu kama la kweli? Kwa nini likuambie umewatumia watu mia nne wakati halijamtumia hata mmoja?"

Mboni ndiye aliyeyatengeneza yote mawili. Miaka sita alikuwa akisema ataibadilisha ile sentensi ya majibu, na miaka sita aliutegemea ukingo.

"Nimechelewa kuibadilisha, dada," alisema. "Hilo ni langu."

"Afadhali umesema," Dorotea alijibu, akachukua simu yake, akateremka ngazi.

Mboni hakungoja ruhusa ya mtu. Alifuta *noBorders*, na *smartBorders* pia hakuirudisha, maana hakutaka tena kompyuta ijiamulie lini ukingo unahitajika. Aliamuru kingo ziwepo daima, hata dirisha likiwa moja. La kutuma ujumbe wa kweli akalipa ukingo mwekundu, mnene maradufu. La kujaribia akaliandikia jibu jipya: HAKUNA ALIYETUMIWA. Mara tatu Haskell ilikataa kuwaka, na mara tatu alisoma malalamiko yake na kusahihisha, meno yameumana. Bilali alisogea akauliza kama amsaidie kumsomea.

"Usiguse kitu," Mboni alimwambia. "Kaa pale. Saa tisa nikishatuma, tunakwenda hospitali mimi na wewe, na utamwambia Jonathan kwa mdomo wako."

Walikwenda. Jonathan alikuwa ameshatolewa chumba cha upasuaji, mkono wa kulia umefungwa bandeji ukiishia kwenye kiwiko. Bilali alianza kueleza, wageni, picha, mistari, akajikanyaga, akaanza upya. Jonathan alimsikiliza hadi mwisho.

"Aliyekutuma yuko wapi?" aliuliza.

"Ofisini."

"Kamwambie aje yeye."

Rutashobya hakuja siku hiyo wala nyingine yoyote. Kamati ilikaa mara mbili, wanawake wa Igombe wakajaa hadi ngazini, na mwisho wa mwezi meneja akaondoka kwenda kazi nyingine mjini Bukoba, akiwa ameagwa kwa barua nzuri tu. Bilali alibaki. Mboni alifanya naye kazi, akimjibu anapoulizwa na kumwagiza anapohitaji, lakini chai hakunywa naye tena. Watu walimwambia asamehe, kijana ametubu. Aliwaambia amesikia.

Dorotea alinunua mtumbwi mwingine mwezi wa nane. Siku ya kuushusha majini alimpigia Mboni simu, hakusalimu, akauliza upepo wa leo ukoje. Mboni alimsomea habari yote, neno kwa neno, na Dorotea akamwambia arudie.