Chuma Namba Saba

Mzee aliyeingia gerejini asubuhi ile hakuwa na gari. Alikuwa na dumu la lita tano, kofia ya kiua iliyofuliwa mpaka ikalegea, na paka watatu waliomfuata nyuma, ambao aliapa kwamba hawajui.

"Hodi. Usaili ni hapa?"

Nadra alikuwa amechutama mbele ya ndoo sita zilizopangwa ukutani, anazikoleza namba zake kwa rangi nyeupe. Akainuka, akajifuta mikono.

"Shikamoo, babu. Usaili wa nini?"

"Marahaba. Wa mafuta, mjukuu wangu. Nimesikia Mkokotoni kwamba hapa Malindi mjini kuna msichana msomi anazisaili rangi, ipi ilifae gari. Nimevuka kutoka kisiwani Tumbatu alfajiri. Mimi Borafya. Mtahiniwa wangu huyu." Akaliweka dumu mezani taratibu, kama mtu anayemkalisha mgonjwa.

Ami yake Nadra, fundi Mbarouk, alikuwa chini ya gari la mteja. Alicheka mpaka spana ikamponyoka.

"Nshakwambia, Nadra! Ndoo zako hizi zitatuletea watu."

Nadra alikuwa na shahada ya kemia na miaka miwili ya barua za kuomba kazi. Barua zilikwenda, majibu hayakurudi. Ami akamchukua gerejini "kwa muda tu, mpaka upate kazi yako," na maneno hayo yalikuwa yameshatimiza miezi kumi na minne. Hakukata tamaa. Kila asubuhi alipanga funguo za ami yake kwa ukubwa, na kila jioni ami alizivuruga.

Ndoo zilihusu Landrova ya kina mama wa mwani wa Kiwengwa, kikundi cha Bi Tahiya. Miaka kumi na moja gari ile ilibeba mwani mbichi unaochuruzika maji ya chumvi, mpaka chesisi, ile mifupa ya chini inayobeba gari zima, ikaoza. Ami Mbarouk alipoikagua alipitisha kidole upande huu kikatokea upande wa pili, akampungia nacho Bi Tahiya. Basi bodi likanyanyuliwa, palipooza pakakatwa, chuma kipya kikachomewa, kutu ikasuguliwa kwa brashi ya waya. Sasa chesisi ililala tupu juu ya mapipa manne, na swali likabaki moja: ipakwe nini, chumvi isiirudie?

Ami, kama baba yake kabla yake, alikuwa na jibu moja maishani: oili chafu. Nadra aliomba siku arubaini. Alikata vipande sita kutoka kwenye chesisi ileile ya zamani, akavipaka kila kimoja chake: epoksi, rangi ya zinki, lami, nta, oili chafu kwa heshima ya ami, na cha sita akakiacha uchi ili vingine vilinganishwe nacho. Kila asubuhi vingezama katika maji ya bahari yenye mwani, kila adhuhuri vingeanikwa juani, jioni virudi majini, kama maisha ya gari lenyewe.

Tatizo lilikuwa baraza la ng'ambo ya njia. Hapo alikaa Bwana Machano, mstaafu wa posta, mtu ambaye hakuweza kuona vitu vimeandikwa namba akatulia. Siku ya kwanza aliuliza. Siku ya pili aliunda kamati. Yeye mwenyewe akawa mwenyekiti, na watu wanne wakawa makamu, kwa kuwa hakuna aliyekubali uanachama wa kawaida. Muhuri wa kamati aliuchonga kwa kisigino cha ndara.

"Mtahiniwa kutoka Tumbatu amechelewa kujiandikisha," alisema Machano, ambaye alikuwa ameshavuka njia na daftari lake.

"Chombo kilichelewa, mimi sikuchelewa," akajibu Mzee Borafya. Akafungua dumu.

Harufu ilitoka kama mtu aliyefungiwa siku nyingi. Machano alirudi nyuma hatua tatu. Paka wakawa watano.

"Mafuta ya ini la papa," alisema mzee. "Yamechemshwa, yametiwa chokaa kidogo. Misumari ya vyombo vyetu hupakwa haya, na misumari hiyo imeshawazika mafundi wake."

Nadra aliziba pua kwa ncha ya mtandio. Kitabuni mafuta haya hayakuwamo. Lakini mzee yule alikuwa amevuka maji kwa ajili ya ndoo zake, na hakuna mtu mwingine aliyewahi kuvuka hata barabara kwa ajili ya shahada yake, ukimtoa Bwana Machano. Akaichukua ndoo ya saba na kipande kingine cha chesisi.

"Nnakutia, babu. Namba Saba."

"Lakini nina sharti. Yakishinda, uyapake wewe, kwa mkono wako. Si brashi, si glavu. Nyie mliosoma hupaka kwa macho, na tundu la chuma halionekani kwa macho."

Nadra akacheka. Yakishinda! "Nakuahidi, babu. Mkono mtupu, mpaka kwenye kiwiko."

Mchana wake alikuja Amour, wakala wa kampuni ya rangi, yule aliyetoa epoksi ya ndoo Namba Moja. Alivaa shati jeupe na alisimama mbali na kila kitu.

"Nadra, kampuni inafungua maabara ndogo Fumba. Wanataka mwanakemia mmoja. Usaili wa kweli, si huu wa ndoo. Nimepeleka jina lako."

Moyo wa Nadra uliruka. "Wallahi?"

"Wallahi. Wakikupa tarehe ntakwambia. Ila jiandae. Mkurugenzi wetu mtu wa marashi. Mtu akinuka jasho tu, humrudisha mlangoni."

Tangu siku ile Nadra alilala na kuamka na neno Fumba. Alijiona na koti jeupe. Alijiona akimwambia mama yake habari hiyo, na mama yake akijifanya kwamba hakulia.

Siku zikaenda. Paka wa Malindi walilihama soko la samaki. Wauza samaki walilalamika kwamba kwa mara ya kwanza katika maisha yao hawana wa kumfukuza. Paka walikaa safu kwa safu mbele ya Namba Saba, kimya, kama watu wanaosubiri hotuba. Na Ijumaa moja, wanaume wako msikitini na Nadra anasali nyuma ya gereji, paka mmoja wa rangi ya chungwa alikichomoa kipande cha Namba Saba kutoka juani, akapanda nacho paa la baraza.

Kilipatikana alasiri, kina alama za meno. Amour alileta pingamizi la maandishi: Namba Saba ametoka katika mtihani bila ruhusa, afutwe. Kamati ilikaa saa mbili na sahani ya kashata.

"Tumeamua," Machano alisoma daftarini, "kwamba mtahiniwa hakutoroka. Ametekwa. Na aliyetekwa hafutiwi mtihani."

"Na meno?" akauliza Amour.

"Meno ni shida za kazi. Hata wewe ukiumwa kazini huachishwi."

Nadra alisema kwamba kwa kweli mikwaruzo ile inamzidishia Namba Saba ugumu, kwa hiyo hakuna aliyeonewa. Muhuri wa ndara ukapigwa. Ndoo ikafunikwa kwa kifuniko cha sufuria ya biriani ya mama yake, na jiwe juu.

Siku ya arubaini iliangukia Jumatano. Asubuhi hiyo mambo mawili yalifika pamoja. Bi Tahiya alipiga simu kutoka Kiwengwa: bamvua linaanza, Jumamosi maji yatatoka mbali, mwani wote uvunwe, na bila gari utaozea ufukweni. Kabla Nadra hajaiweka simu, ikaita tena. Amour. Usaili wa Fumba ni kesho, Alkhamisi, saa nne asubuhi.

Mzee Borafya alivuka na madumu mawili zaidi, kwa imani tu. Kamati ilikuja imevaa kanzu. Nadra akatoa vipande kimoja kimoja.

Namba Sita, kile cha uchi, kilivunjika mkononi kama biskuti iliyochovywa chai. Cha oili chafu kilikuwa na madoa mekundu kama tetekuwanga. Ami Mbarouk akakitazama, akasema ana simu ya kupiga. Nta ilikuwa imeyeyuka juani zamani. Zinki ilijitahidi, lakini pembeni ilianza kuliwa na kutu. Lami iling'aa, watu wakapiga makofi, mpaka Nadra alipoikunja kidogo ikapasuka, na maji yaliyokuwa yamejificha chini yake yakatiririka, mekundu.

Epoksi ilikuwa nzuri kuliko zote. Nadra aliigeuza, akaomba moyoni iwe hivyo mpaka ndani. Kisha akaona kilengelenge kimoja, kidogo kama punje ya mtama. Angeweza kukifunika kwa kidole gumba. Akakichokoa kwa bisibisi. Rangi ikabanduka kama ganda la yai, na chini yake ilikuwa kutu tupu.

"Rangi yenu si mbaya," alimwambia Amour, sauti chini. "Inataka chuma kipya, kilichosafishwa kwa mchanga wa mashine. Hiki chuma kizee, kina vishimo, na sisi tuna brashi ya waya tu."

Akakiinua Namba Saba. Cheusi, kinanuka, kina meno. Akakifuta kwa kitambaa. Chini ya weusi chuma kilikuwa cha kijivu, kizima, na ndani ya kila kishimo, hata katika alama za meno, mafuta yalikuwa yameingia yakakaa.

Mzee Borafya hakushangilia. Aliinamisha kichwa tu, kama mtu aliyeitwa jina lake akaitika. Chombo chake kilikuwa kinaondoka. Aliwaachia madumu, akaeleza yapashwe moto kidogo, yaachwe siku nzima yakauke, akaenda zake. Sharti lake la mkono mtupu hakulikumbusha. Pengine alisahau. Hilo ndilo lililomuudhi Nadra kuliko yote.

Kwa sababu hesabu ilikuwa wazi. Jumamosi gari liwe Kiwengwa. Ijumaa bodi lirudi mahali pake. Basi kupaka ni Alkhamisi asubuhi, na harufu ile, kila mtu Malindi alishajua, haitoki mkononi kwa juma zima.

"Nenda Fumba, mwanangu," alisema Ami Mbarouk asubuhi ya Alkhamisi. Nadra alikuwa amekuja na bahasha ya vyeti na nguo yake nzuri ndani ya mfuko. "Ntapaka mimi. Nna brashi mpya. Mzee yuko Tumbatu, atajuaje?"

"Tena kamati imekaa," alisema Machano, akanyoosha karatasi. "Ahadi imefutwa rasmi. Kura tano kwa hakuna. Muhuri huu hapa."

Nadra aliisoma karatasi. Ilikuwa na mwandiko mzuri wa posta, na ilimgusa moyo, kwa sababu aliona wote watano wametia saini kwa kalamu tofauti.

"Ahsante, Bwana Machano. Lakini kamati haikuahidi. Niliahidi mimi."

Akaitundika nguo nzuri msumarini, mbali. Akakunja mkono wa kulia wa nguo ya kazi mpaka juu ya kiwiko, akauchovya dumuni. Mafuta yalikuwa ya uvuguvugu na mazito. Akaingia chini ya chesisi, paka ishirini na kitu wakasogea.

Alianza mbele. Mkono ulipita juu ya chuma, chini yake, ndani ya mbavu zake ambamo brashi haifiki. Kweli, kiganja kilisoma kitu kingine kabisa: hapa msumeno umeacha ukingo, hapa ami alichoka akachomea haraka. Karibu na mahali springi ya nyuma inaposhikilia, kidole chake cha kati kikazama.

"Ami!"

"Naam!"

"Njoo utie kidole hapa."

Ami Mbarouk akalala chini, akapapasa. Uso wake ukabadilika. Ilikuwa nyuma ya bamba alilolichomea mwenyewe, tundu la ukubwa wa kunde, mahali panapobeba mzigo wote wa mwani.

"Astaghfirullah. Hapa pangekatika njiani. Na kina mama wako juu." Akalipapasa tena. "Brashi ingelipaka tu juu kwa juu. Futa hapo vizuri kwanza, nichomee. Tusije tukaikaanga gereji na paka wake."

Alipomaliza kuchomea na chuma kikapoa, ilikuwa inakaribia saa nne. Simu ya Nadra ikaanza kuita kwenye benchi. Machano akaichungulia kutoka mlangoni, amejiziba pua kwa daftari la kamati.

"Amour! Nikupokelee?"

"Subiri."

Ikanyamaza, ikaita tena. Nadra alitoka chini ya chesisi. Mkono wa kulia ulikuwa mweusi mpaka kiwikoni. Wa kushoto ulikuwa bado safi kabisa, na simu ilikuwa karibu. Angeweza kupokea kwa mkono ule. Angeweza kusema nimechelewa, nakuja, akaufunga huu mwingine kwa mfuko wa nailoni, akakaa mbali na mkurugenzi, akajaribu. Sehemu ya nyuma iliyobaki ingepakwa kwa brashi mpya ya ami.

Paka walimtazama. Kamati ilimtazama.

"Mwambie niko kazini, Bwana Machano," alisema, akaukunja mkono wa pili wa nguo yake, akauchovya mkono wa kushoto dumuni mpaka kwenye kiwiko.