Mabati ya Mwanabaraka

Jumanne saa tatu asubuhi, Jovina, karani wa mradi wa kuwapa fedha watu maskini, alifika Keko nyumbani kwa Mwanabaraka akiwa na fomu. Kwa fomu hiyo, mwenye paa la makuti alilipwa. Mwenye paa la bati hakulipwa.

Mwanabaraka alikuwa na mabati kumi na manne, aliyoachiwa na marehemu mumewe, fundi makabati. Chini ya mabati hayo wajukuu watatu walikunywa uji mara moja kwa siku. Alichotaka ni mtaji wa mchele na mafuta, arudie kukaanga vitumbua.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mwanangu. Usijisumbue kutazama juu. Mie najua ulichotumwa."

Mjumbe wa nyumba kumi, Mzee Mwishehe, aliyemleta Jovina, alikohoa. "Si uyauze hayo mabati?"

"Nikalale kwako? Mkeo umeshamwambia?"

Jovina aliinamisha kichwa, akaandika: bati. Hapo misumari ikaanza kung'oka, mmoja mmoja, ikajipanga kibarazani. Mabati yakanyanyuka, yakapita juu ya nyaya za umeme, yakaenda kuegemea ukuta wa karakana ya jirani bila kumkwaruza mtu.

"Mtoeni kuku anayeatamia humo ndani," alisema Mwishehe. "Jua litampiga."

Jovina akafuta alichoandika. Kisha akakwama. "Bibi, fomu haina nafasi ya nyumba isiyo na paa."

Mwanabaraka akaketi. Mwishehe aliondoka, akarudi na kuti moja, akalilaza juu ya ukuta.

"Hilo nalo ni paa?" Jovina aliuliza taratibu.

"Kwani ni bati?"

Jovina akaandika: makuti.

Jioni mawingu yalipotanda, mabati yalirudi na kujipigilia. Mwezi uliofuata Mwanabaraka alilipwa, na kesho yake asubuhi mtaa ukaamka na harufu ya iliki. Wajukuu wakala mara mbili, baadaye mara tatu.

Ofisini waliandika kwamba nyumba za makuti zimeongezeka sana Keko, na kwamba fomu inafanya kazi vizuri. Mwaka wa pili ilichapishwa upya, kwa karatasi nzuri zaidi. Swali la paa lilikuwa lile lile.

Siku ya ukaguzi Jovina alishuka barabarani, akasimama kivulini mwa mabati ya mtaa mzima yaliyokuwa yakipita juu kwa foleni. Aliyasubiri yaishe, akatoa kalamu, akabisha hodi nyumba ya kwanza.