Edi ya Siku Thelathini

Sisimizi ndio waliogundua kwanza. Walijipanga mstari nyuma ya nyumba ya mzee Marjan, mahali alipozoea kukojoa, na kwingine kambini hawakuwa na shughuli. Nyamweya, dresa wa zahanati ya shamba la chai, aliutazama mstari ule akaandika neno moja: sukari.

"Ramadhani hii usifunge, mzee. Utaanguka."

Marjan alifunga. Siku ya tatu alianguka katikati ya michai, kapu la majani likammwagikia. Wachumaji walimkung'uta, wakamrudisha nyumbani.

Kaltuma, mkewe, alimwekea uji mbele.

"Sheikh Rehani mwenyewe amesema mgonjwa ale, Baba Hawa. Kwa kila siku tulishe maskini mmoja."

"Mgonjwa, ndiyo. Mimi si mgonjwa."

"Umeanguka!"

"Kuanguka si ugonjwa. Wakati wa vita nilianguka kutoka Voi mpaka Rufiji. Mgonjwa ni mtu mwenye edi."

Kaltuma alikuwa ameishi na neno hilo miaka ishirini. Edi ni cheti cha daktari wa jeshi cha kumpumzisha askari. Bila edi, hata aliyevunjika mguu alihesabiwa mzima. Akajitanda shuka, akaenda zahanati, kisha kwa Sheikh.

Aliporudi, midomo ya mumewe ilikuwa imekauka kama ganda la muwa, naye, akiweweseka, akamwita Kaltuma sajini.

"Soma," alisema sajini Kaltuma, akimpa karatasi.

Marjan aliketi. *Marjan Bakhiti. Sukari. Edi ya kufunga, siku thelathini.* Chini, sahihi ya Nyamweya; chini yake, kwa herufi za Kiarabu, ya Sheikh. Alitafuta mhuri. Ulikuwapo, ule wa zahanati wa kupigia makopo ya kwinini.

Akasimama kwa kushika ukuta, akapiga saluti, akanywa uji.

Kila jioni Kaltuma alimpelekea Sebi, mjane maskini wa kambini, sahani ya ugali na mboga. Asubuhi ya Idi, Marjan alirudisha cheti zahanati.

"Siku zimekwisha. Nirudishe kazini."

"Na mwakani, mzee? Sukari haiendi likizo." Nyamweya alikata kwa kalamu *siku thelathini*, akaandika: *mpaka amri nyingine.*

Marjan alisoma mara mbili.

"Amri ya nani?"

"Si yangu," alisema Nyamweya, akielekeza kalamu juu.

Marjan alikikunja cheti, akakitia mfuko wenye medali yake ya vita, akaenda kusali Idi.