Aliyerudishwa Nyumbani

Sista aliyewahoji wasichana wanaoomba kuingia utawani alisifika kwa jambo moja: hadanganyiki. Wenzake walimtania kwamba hata malaika angefika na barua ya paroko, Sista angemuuliza mabawa kayapata wapi. Naye alicheka nao, mpaka mwaka ule alipomkataa binti wa mama mmoja fundi cherehani.

Binti yule alijibu vizuri kila alichoulizwa, ila mwishoni akasema, "Sista, nikikataliwa, ni lazima nirudi nyumbani?" Sista akaandika kwenye fomu: Hana wito, anakimbia jambo. Hakuuliza jambo gani. Wiki tatu baadaye paroko alileta habari kwamba binti keshazikwa, na baba yake wa kambo anatafutwa na polisi.

Tangu hapo chumba cha usaili kilimgeuka. Akiingia, alihisi mtu ameshaketi. Mwombaji akiwa katikati ya maelezo, Sista alisikia pumzi ya pili, nyepesi, kama ya mtu anayesubiri zamu yake. Alihamisha meza, akabadilisha viti, wapi! Aliungama, padri akamwambia hakutenda dhambi. Maneno hayo yalimkaa kooni kama mwiba wa samaki.

Mwaka wa nne akaja msichana aliyeletwa na shangazi yake. Vyeti vyote vilikuwa sawa, majibu yamenyooka, ingawa nusu yake aliyatoa shangazi. Sista akamwomba shangazi asubiri nje.

"Haya, mwanangu. Nyumbani kuna nini?"

Msichana akatazama mlango. "Hakuna kitu, Sista."

Ile pumzi ikasikika, safari hii sikioni kabisa. Nywele zilimsimama Sista chini ya shela. Hakugeuka.

"Sina haraka," alisema. "Na utakaloniambia haliingii kwenye fomu."

Chai ilipoa vikombeni. Kisha msichana akasimulia habari za mume wa shangazi, huku akizivuta kucha zake moja moja.

Mama Mkuu aliuliza swali moja tu. "Ana wito?"

"Hana."

"Basi mrudishe."

"Simrudishi, Mama. Nilishamrudisha mmoja. Nimepiga simu kwenye hosteli yetu ya wasichana, kitanda kipo."

Mama Mkuu akachukua kalamu, akatia saini kibali.

Shangazi alifoka getini kwamba anaibiwa mtoto. Mara akaketi chini, akalia bila sauti, na Sista akatambua kwamba siku zote shangazi alikuwa akijua.

Msichana yule hakuwa mtawa, alisomea uuguzi. Lakini pumzi haikuondoka. Ndipo Sista akafunga safari kwenda kwa yule fundi cherehani.

"Mama, mimi ndiye niliyemkataa binti yako."

Mama hakuinua macho kutoka kwenye cherehani. "Nakujua. Alirudi amefurahi siku ile."

"Amefurahi?"

"Aliniambia, 'Mama, yule Sista kaniona. Hakusema, lakini kaniona. Atatuma mtu.' Akawa anashinda dirishani, anaangalia barabara."

Mama akasukuma kigoda kwa mguu, akamwonyesha akae. Cherehani ikaendelea, na wao wawili wakakaa hivyo hadi jua likahama ukutani, hakuna aliyemuaga mwenzake.